Kipunji kahesabiwa mmoja mmoja, uyoga wa korona ya mkonge hata jina hatulijui. Tujadili

Mtoto wa Korona

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu sitamlaumu. Picha sina, sababu ntaieleza kwaiyo msianze.

Mimi ni mtoto wa kambi, nimezaliwa na kukulia shamba la mkonge upande wa Muheza, sa hivi niko Tanga mjini hapa Ngamiani nauza spea za pikipiki. Juzi kijana wangu wa darasa la sita kaja na kazi ya nyumbani, aandike habari za kiumbe wa Tanzania aliye hatarini kutoweka. Nikamwambia andika kipunji. Sasa siku hiyohiyo shangazi alikuwa katuletea uyoga kutoka shamba, uko kwenye beseni jikoni, dogo kauangalia weee kaniuliza, baba na huu nao unaweza kutoweka? Nikafungua mdomo nikakuta jibu sina. Tangu siku hiyo nawaza uyoga, mke wangu anasema nimerogwa.

Kipunji kwa wasiomjua ni kima wa kahawia, nywele za utosini zimesimama kama kapaka jeli, mkia mrefu ncha nyeupe. Anakaa milima ya Rungwe na Kitulo na kipande kingine kidogo msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, kwenye baridi, kuanzia mita 1,300 mpaka 2,450 hivi. Wanyakyusa walikuwa wanamjua jina na mlio wake kitambo. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa timu ya Tim Davenport walikuwa wanauliza wawindaji msituni mna nini na nini, wakatajiwa kipunji, wakabaki njia panda huyu ni mnyama wa kweli au wa hadithi, maana kule wa nyama na wa mizimu wote wanasimuliwa kwa sauti moja. Desemba 2003 ndo wakamuona vizuri. 2004 timu nyingine, haijui habari za wenzao, ikamkuta Ndundulu. 2005 wakatangaza wote pamoja na ushahidi mkubwa ulikuwa PICHA, hawakutaka kuua hata mmoja kwa uchache wao, kuna wataalamu wakanuna kwamba haiwezekani spishi mpya kwa picha. Baadae dume changa lilinaswa kwenye mtego wa mkulima, lilienda kuiba mahindi, likafa, wakapima DNA wakakuta ni ndugu wa karibu wa nyani. 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe (kundi la spishi za ukoo mmoja), Rungwecebus, jenasi mpya ya kima Afrika baada ya miaka 83. Wakahesabu wakatoa namba 2008: kipunji 1,117, na kati ya hao 75 tu ndo wa Ndundulu.

Hebu iangalieni hiyo namba. Sio elfu moja na kitu, ni mpaka wale kumi na saba.

Sasa uyoga wetu. Aliyekulia kambini anaijua korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge inatoa singa, yaani nyuzi zake. Kilo 100 za majani zinakupa kama kilo 4 za singa, zilizobaki zote ni makapi na maji ya kijani yanayowasha mpaka unajikuna kama mwenye upele. Makapi yanamwagwa nyuma ya kiwanda yanakuwa kilima. Kilima kile kina joto, asubuhi ya mvua kinatoa moshi, ukikanyaga mguu unazama mpaka kwenye kifundo, na harufu yake mi mpaka leo nikiisikia nasikia njaa, kwa sababu huko juu ndo palikuwa panaota uyoga.

Unaota usiku mmoja. Jioni hakuna kitu, alfajiri kilima cheupe. Bibi alikuwa anatuamsha kabla ya adhana tuwahi, na tulikuwa tunachuma vile vichanga tu vilivyofumba kama yai la njiwa, vina manyoyamanyoya meupe juu. Uliofunguka mwamvuli bibi hagusi. Saa nne ukiuangalia ule uliofunguka, pembe za chini zinaanza kuchuruzika, mwamvuli unajila wenyewe kuanzia ukingoni kwenda juu, mpaka adhuhuri kimebaki kijiti na tone jeusi. Wino kabisa. Sisi watoto tulikuwa tunachovya vijiti tunaandikana majina ukutani. Vile vichanga bibi anaosha maji ya vuguvugu na chumvi, kitunguu, tui zito, halafu bada, ugali wa muhogo. Jamani.

Bibi alikuwa na jina la uyoga ule. Sio uyoga, jina lenyewe hasa. Nimelisahau. Nimekaa siku tatu najaribu kulikumbuka, haliji.

Nilijaribu kuuliza ofisi moja hapa mjini ya watu wa mazao, kijana wa mapokezi kacheka kaniuliza mzee unataka kulima uyoga wa mamama? Nikaondoka.

Hoja yangu ni hii. Kipunji alipona kwenye usahaulifu kwa sababu kuna mtu aliuliza wawindaji jina, na wawindaji walikuwa bado wanalo. Kama wangechelewa miaka thelathini wakakuta wazee wamekufa na vijana wanaita wote "kima" tu, nani angejua kuna kipunji? Uyoga wetu ndo uko hapo. Nasema uyoga uko hatarini kuliko kipunji. Karibuni mnipinge.

Kamba ya Nanga

Uzi bila picha ni bada bila mchuzi. Narudi baadae nikute mmeweka.

Mama Zeyana

Mwanangu mimi niko Pangani. Huyo kipunji si ndo yule kima mwekundu wa Jozani Unguja? Nilienda na wanafunzi, tukaambiwa anaitwa kima punju eti kwa sababu ananuka sumu na mti akiulia unakufa. Kumbe sio kweli, wanakula majani ya miembe na mikungu ambayo yana vitu vya kuchafua tumbo halafu wanaenda kula makaa kwenye majiko ya watu, makaa yananyonya ile sumu. Nilicheka, nikamkumbuka mama yangu na mkaa wake wa kusaga kwa mtoto anayeharisha.

Mtoto wa Korona

Shikamoo mama. Hapana, hao ni wawili tofauti, majina tu yanafanana. Kima punju ni wa Unguja, mbega mwekundu. Kipunji ni wa nyanda za juu kusini. Ila hiyo ya makaa sikuwa naijua, ahsante, dogo lazima nimwambie.

Bwana Shauri

Mkuu umeandika vizuri lakini unalinganisha embe na tofali. Kima ana damu, ana mtoto mgongoni, anazaa mmoja, akipigwa mshale kaisha. Uyoga ukiuchuma leo kesho umeota. Uko hatarini kwa lipi? Kuvu imejaa kila mahali hata mkate wangu sa hivi una kuvu. Hela za kulinda mazingira ni chache, tukianza kulinda na ukungu wa mkate tutafika? Mimi naona hiyo ni njaa ya bada tu inakusumbua hahaa

Mtoto wa Korona

Njaa ipo sikatai.

Ila kaka unachochuma sio uyoga wenyewe, ni tunda. Uyoga wenyewe ni zile nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui zilizomo ndani ya kilima. Ukichuma embe hujakata mwembe, sawa, lakini mwembe wenyewe nani anauona? Kipunji unakaa chini ya mti na daftari unahesabu, mmoja wawili watatu. Uyoga unahesabu nini? Vichwa mia vinaweza kuwa vya kiumbe mmoja, na mwaka usioota kichwa hata kimoja huwezi kusema haupo. Kwaiyo ukiniambia umejaa kila mahali nakuuliza umehesabu lini.

Na hili nimeliona kwa macho yangu. Bei ya mkonge ilipoanguka, kamba za plastiki zimejaa sokoni, korona ya kwetu ilisimama. Kilima kikakauka, kikaota nyasi, uyoga ukapotea miaka na miaka. Siku korona imewashwa tena, mvua mbili tu, uyoga huo. Ulikuwa wapi?

Maabara ya Zamani

Mtoa mada umenigusa, ntaandika kidogo, nimewahi kufanya kazi maabara kabla ya kustaafu na kuhamia Bagamoyo kuvua samaki kwa ndoano.

Kwanza uyoga unaouelezea, wa manyoya meupe, unaoyeyuka kuwa wino, kwenye makapi ya mkonge, huo una jina. Coprinopsis cinerea, zamani Coprinus cinereus. Na haujulikani na watu wa kawaida tu, kwenye maabara ni staa, Japani, Uswisi, Marekani wanaufuga miaka mingi kwa sababu unamaliza mzunguko wa maisha kwa wiki mbili hivi na ukiuweka kwenye mwanga na giza unaota kwa saa unayoijua. Vinasaba vyake vyote vilishasomwa, ilichapishwa 2010. Wewe wa kambini ndo hujaambiwa. Na kitu cha kuchekesha, sisi tuna jinsia mbili, huo una aina za kupandana zaidi ya 12,000.

Pili hauko hatarini kaka, samahani. Kwa asili ni uyoga wa samadi, upo dunia nzima. Mbegu zake ni vumbi, zinasafiri na upepo na matumboni mwa ng'ombe. Ndo jibu la "ulikuwa wapi".

Tatu usiseme hakuna aliyeuliza majina. Marja Härkönen kutoka Ufini na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini wakiuliza watu uyoga wanaokula na wanavyouita. Kuna uyoga wa kichuguu umepewa jina la Singida, Termitomyces singidensis, 1994. Na watu wa Prof. Amelia Kivaisi hapo hapo chuoni wakaotesha uyoga wa asili kwenye makapi ya mkonge. Mmoja ulikuwa mgeni kabisa kwa sayansi, ukachapishwa 2004 kwa jina la muda, Oudemansiella tanzanica, unakamilisha zao kwa siku 24 tu, ni katika uyoga wenye msimu mfupi kuliko wote unaolimwa. Jina la muda lakini, angalia hapo. Kipunji kaonekana Desemba 2003, mpaka 2006 ana jina, ana jenasi, anajulikana dunia nzima. Uyoga wenye jina la nchi yetu unaingia kwenye karatasi na jina la muda na hakuna aliyepiga kelele.

Kwaiyo hoja yako ina ukweli ila umeshika mfano mbaya. Walio hatarini ni wale wa msituni, wanaotaka mti fulani na kivuli fulani. Orodha ile ya dunia ya viumbe walio hatarini, mwaka 2025 ndo ilifikisha kuvu 1,300 zilizopimwa, na katika hizo 411 ziko hatarini. Zinazojulikana kwa jina ni kama laki moja na nusu, na makadirio ni kwamba zipo milioni mbili na zaidi. Piga hesabu mwenyewe tumepima ngapi.

Kamba ya Nanga

12,000?? Huyo kukosa mchumba haiwezekani. Mi nna miaka 38 jinsia mbili tu zimenishinda.

Bwana Shauri

Hapo kwenye milioni mbili naanza kuelewa. Ila bado nauliza, ukipewa milioni moja ya kulinda kitu kimoja, unampa nani? Mimi kipunji.

Mtoto wa Korona

Mzee wangu Maabara shikamoo, umeninyoosha na nimenyooka. Kwaiyo wa kwetu una jina la Kilatini, unafahamika Japani, na aliyekuwa anaula kila masika hajui. Hii inauma kuliko ungekuwa haujulikani.

Shauri milioni hiyo nampa kipunji pia, sio mbishi kiasi hicho. Ila elfu hamsini namkatia mtu mwenye daftari apande msitu wa Amani akakae na wazee. Pale msitu una mbega, watalii wanapanda na makamera, mbega akiruka wote wanasema waaa. Chini ya miguu yao kwenye gogo linalooza kuna rangi kumi za kuvu, machungwa, zambarau, nyingine kama sikio la mtu, wanazikanyaga wakimtafuta mbega. Nilienda mara moja na wageni, nikamuuliza kijana aliyetutembeza hii inaitwaje, kanijibu "huo ni uyoga tu". Jirani mti kila mmoja ana jina la Kisambaa na la Kilatini na kazi yake. Huo ni uyoga tu.

Ndizi za Tukuyu

Nimechelewa ila huu uzi unanihusu, mimi ni Mnyakyusa, kwetu chini ya Rungwe kabisa, niko Tanga kikazi bandarini mwaka wa tatu, joto lenu litaniua.

Kipunji usimtafute kwa macho, msikilize. Mlio wake ni kama mbwa anayejaribu kubweka na kupiga honi kwa pamoja. Babu alikuwa anasema ukimsikia ujue umeingia mbali. Na wanaompunguza sio mishale peke yake, misitu imekatwakatwa, magogo, mkaa, mashamba yanapanda juu, makundi yanabaki kwenye visiwa vya miti hayakutani.

Sasa mtoa mada nikuongezee kitu kwenye ulinganisho wako. Kipunji anakula vitu vingi, majani, matunda, maganda, wadudu, na anakwangua yale magamba ya kijivu na kijani yanayoota kwenye gome la mti, ile inayoning'inia kama ndevu za mzee. Nimesoma kwamba ile sio mmea, ni kuvu iliyoishi na mwani ndani yake. Kwaiyo kuvu ni sehemu ya ugali wake. Msiwagombanishe.

Maabara ya Zamani

Sahihi kabisa. Na niongeze, kuvu kiukoo iko karibu na huyo kipunji kuliko ilivyo karibu na mti iliyouotea. Ngozi yake imejengwa na kitu kilekile cha gamba la kamba na mende. Watu wanaiweka kwenye mboga za majani kwa sababu haikimbii.

Mama Zeyana

Mimi niseme la mkonge wenyewe, maana hapa kwetu ndo ulipoanzia. Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika 62 tu mizima, ikapandwa Kikogwe hapa Pangani. Mashamba yote mnayoyaona mpaka Korogwe, mpaka tukawa wa kwanza duniani, yametoka kwenye 62. Kwaiyo huyo mkonge naye kuna siku alikuwa wachache kuliko kima wa Ndundulu. Halafu mwanangu, kama mkonge umekuja 1893, hilo jina la bibi la uyoga wa mkonge litakuwa la kale vipi? Muulize shangazi vizuri.

Fundi Chelewa

Naulizia, uyoga huo na bia vinaenda? Nilisikia kuna uyoga wa wino ukiula ukanywa unageuka nyanya.

Maabara ya Zamani

Huyo ni binamu yake, Coprinopsis atramentaria, ukinywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika. Wanafanana kwa wino, kwaiyo kama hujui kutofautisha acha vyote viwili, sio pombe tu. Na kwa wote mnaosoma, uyoga wa mwituni usiule kwa kuusoma mtandaoni hata kwangu. Ule unaoua kwelikweli unakaa kimya tumboni saa sita, saa kumi na mbili, wengine zaidi, ukianza kuumwa ini limeshashikwa.

Mtoto wa Korona

Nimerudi. Mama Zeyana umenifanya nimpigie shangazi usiku, nimepokelewa kwa matusi kwanza halafu ndo tukaongea.

Nikamuuliza shangazi, bibi uyoga ule alikuwa anauitaje? Kasema sisi wote pale kambini tuliuita uyoga wa korona, basi. Nikamwambia hapana, bibi alikuwa na jina lake. Kanyamaza. Kaniambia, ee, alikuwa nalo, ila halikuwa jina la hapa, Wabondei majirani walikuwa wanamcheka akilitaja. Mbona hujui bibi yako baba yake alikuja manamba? Kutoka Njombe, mkataba, akakata mkonge mpaka akazikwa hapa. Bibi alikuja mdogo kabebwa mgongoni. Uyoga wa kwao wa huko milimani aliujua kwa mama yake, alipofika hapa kaona kwenye makapi kitu kinafanana, kakipa jina lilelile.

Mimi miaka 44 nilikuwa najua ni neno la Kibondei. Nimekuwa nikiliuliza kwa watu wasiolijua tangu mwanzo. Na shangazi naye halikumbuki, kasema linaanzia kama na "wi", halafu kasema labda sio.

Ndizi za Tukuyu, nyie na Njombe sio mbali.

Ndizi za Tukuyu

Mlima tu katikati. Shemeji yangu ni Mbena na mama yake yupo hai, mzee sana lakini akili iko. Anajua uyoga wote. Nitumie picha nimuonyeshe wikiendi, akiliona atalitaja hapohapo.

Kamba ya Nanga

SI NILISEMA PICHA

Mtoto wa Korona

Haya sasa sababu ya picha. Shangazi alileta uyoga asubuhi. Tukapika vichanga, vilivyofunguka vikabaki kwenye beseni, nikasema ntavipiga nikitoka dukani, wateja wakanishika. Narudi saa nane mchana nakuta beseni jeusi. Hakuna mwamvuli hata mmoja, vijiti na wino. Dogo kachovya kijiti anaandika kichwa cha habari cha kazi yake ya shule, herufi kubwa, KIPUNJI, wino umesambaa mpaka ukurasa wa pili.

Picha niliyonayo ni ya hilo daftari. Nikutumie hiyo?